Asilale Saa Nne

Nchi hii ipo, na mipaka yake imechorwa vizuri kwenye ramani, ila wenyewe wametuomba tusiitaje jina, nasi ni watu wa kuombeka. Inatosha kusema kwamba inaongozwa na Mlezi wa Taifa, ambaye mwaka wa mambo haya alikuwa ametimiza miaka themanini na moja, au sitini na nne kwa hesabu za Ofisi ya Itifaki, na kwamba raia wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria.

Mlezi hasemi hadharani. Zamani alikuwa akisema, tena sana, lakini siku moja alisema "hawa watu watazamwe vizuri," na mawaziri wawili wakaelewa mbalimbali. Mmoja aliwapelekea watu wale mablanketi, mwingine akawapelekea askari. Mablanketi yalifika yakakuta hakuna wa kujifunika. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba maneno yana utata na uso hauna. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, ambayo ndiyo Siku ya Maombi, Mlezi huketishwa kwenye kiti chake cha enzi, ombi la raia likasomwa kwa sauti, na afisa anayeitwa Msoma Uso akatazama paji la uso wake na kutangaza jibu. Uso ukikunjwa, ombi limekataliwa. Uso ukikunjuka, limekubaliwa. Usipofanya lolote, limekubaliwa vilevile, kwa kuwa Kitabu cha Uso kimeandika hivyo. Kisha pazia jekundu hufungwa upesi, uso usije ukasomwa mara ya pili ukatoa jibu jingine.

Ni utaratibu mzuri, na umenyonga watu wengi bila kelele.

Taabu ilikuja na umri. Makunyanzi ya Mlezi yaliota mizizi. Paji la uso likakaa limekunjwa asubuhi hadi jioni, akila, akisinzia, hata akichezewa ngoma, na Msoma Uso, Bwana Kiango Mtiti, ambaye hakuwa na ruhusa ya kukisia, akawa anatangaza "Limekataliwa" kwa kila jambo. Miezi minane hakuna kilichopita. Jeshi lilinyimwa buti. Mkoa mmoja ulioomba daraja liitwe kwa jina la Mlezi ulinyimwa, na gavana wake akajiuzulu kwa aibu. Ndipo baraza likaamua kumleta daktari kutoka ng'ambo, bingwa wa zile sindano za kulaza misuli ya uso, mikunjo ipotee na Serikali ipate kusema ndiyo tena.

Sista Skolastika Nyambuka alizisikia habari hizo akiwa wodi ya waliounguzwa na moto, hospitali kuu, anabadilisha bendeji. Mikono yake iliendelea na kazi, lakini akili ilikwenda gerezani. Mumewe, Mwalimu Fulgensi, alikuwa gerezani amehukumiwa kunyongwa, na ombi lake la msamaha lilipangiwa mojawapo ya Siku za Maombi za mwezi ule.

Kosa la Mwalimu Fulgensi lilikuwa la herufi moja. Ukuta wa shule alikofundisha lugha uliandikwa, kama kuta zote za nchi hiyo, MLEZI ANATUPENDA SISI WOTE. Miaka sita alipita mbele ya ukuta huo kila asubuhi akiuma meno. Mwaka wa saba uvumilivu ukamwishia. Akachukua chaki, akaifuta ile W, akaandika S, ikasomeka SISI SOTE, kama inavyotakiwa, halafu akaingia darasani roho yake imetulia. Mwendesha mashtaka alichukua siku mbili nzima kueleza uzito wa jambo hilo. "Sote," alisema, ni sisi peke yetu. "Wote" ni pamoja na wao. Kwa hiyo mshtakiwa alikuwa amewatoa wao katika mapenzi ya Mlezi, na wao hao, mheshimiwa jaji, ni pamoja na jeshi. Fulgensi alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu, alijibu kwamba hotuba ya mwendesha mashtaka ilikuwa nzuri, ila sentensi ya mwisho ilikosa kiima.

"Ungenyamaza tu, Baba Imelda," Skolastika alimwambia siku ya kumwona, kupitia wavu wa gereza. "Siku hiyo moja tu ungenyamaza."

"Nilinyamaza miaka sita," akasema Fulgensi. "Imelda anasoma?"

"Anasoma."

"Mwambie asiandike kwa haraka. Haraka ndiyo inayomharibia."

Kwa hiyo hospitali ilipoulizwa kama ina muuguzi mwenye mkono mwepesi na anayejua lugha za kigeni, Skolastika alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Kazini alitumia jina la babake, na hakuna aliyemuuliza habari za mume. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mtu asiyeweza kukunja uso hawezi kumnyonga mtu. Sindano ingechomwa Jumamosi, na ombi la Fulgensi lingesomwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku kumi na mbili baadaye. Dawa ikikaa mahali pake, paji lile litakuwa limelala, na mumewe atarudi nyumbani. Akapiga moyo konde. Mlezi hangepata muuguzi mwenye bidii kumshinda yeye.

Daktari alifika ikulu Jumamosi na kuchoma sindano kumi na moja ndogondogo saa tatu kamili asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na injini ya ndege yake haikuzimwa muda wote huo, maana bingwa aliyemtangulia, wa meno, alipendwa sana na Serikali na sasa alikuwa na mwaka wa nne hajaruhusiwa kuondoka. Alimpa Skolastika karatasi ya maelekezo ya baada ya sindano, akampa mkono, akaondoka akitembea kama mtu anayejizuia kukimbia.

"Itafsiri, Sista," alisema Bwana Mtiti. "Kwa haraka. Nahitaji kuisaini, kuigonga muhuri na kuitekeleza."

Skolastika aliandika juu ya goti. Asilale saa nne. Asiguse uso wala usisuguliwe. Asiiname. Asikae penye joto. Asinywe kileo. Awe chini ya uangalizi. Bwana Mtiti aliivuta karatasi wino haujakauka.

Mstari wa mwisho ndio uliotekelezwa kwanza. Katika nchi hiyo kuna Idara ya Uangalizi, ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuiona, na mkuu wake, Kanali Ndaro, alikuwa mlangoni dakika kumi baadaye na watu kumi na wawili waliovaa miwani myeusi.

"Afande, nilimaanisha uangalizi wa kiuguzi," alisema Skolastika. "Kupima joto, kutazama ngozi."

"Sista, uangalizi ni uangalizi," alisema Kanali, kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mpole sana. "Twende chumba cha pili nikuangalie kidogo."

Walimwangalia saa moja na nusu. Walihesabu pamba zake moja moja. Walimuuliza kwa nini kipimajoto kina zebaki na zebaki inamfanyia kazi nani. Aliporudi ilikuwa saa nne na nusu imepita. Mlezi wa Taifa alikuwa amelala kifudifudi, uso umezama kwenye mto, na mkandaji wake ameuingiza mkono chini anamsugua paji la uso taratibu.

"Nani amemlaza?"

"Mimi," alisema Bwana Mtiti. Alikuwa ameshika saa ya mfukoni na alionekana kuridhika na kazi yake. "Umeandika asilale saa nne. Nimemzuia, Sista. Alitaka kulala saa tatu na robo, nikamzuia. Saa tatu na nusu alilia, nikamzuia. Saa nne ilipogonga tu, nikamlaza. Huyu mkandaji anatekeleza ratiba yake ya kila Jumamosi."

"Kwa saa nne," alisema Skolastika. "Kwa muda wa saa nne. Mpaka saa saba."

Bwana Mtiti aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Hiyo 'kwa' haimo," alisema. "Na ingekuwa na makosa nisingeigonga muhuri. Sasa ina muhuri, kwa hiyo haina makosa."

Skolastika alimgeuza Mlezi, akamkalisha, akamfuta jasho. Neno moja, herufi tatu. Fulgensi angeliona kosa hilo kabla hajamaliza kuliandika. Angelizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kusema "kwa haraka, Mama Imelda, kwa haraka." Alijilaumu, lakini hakulia, kwa sababu watu wawili wenye miwani walikuwa wamesimama pembeni wakiandika.

Mwili wa Mlezi ndio mwili wa Taifa, na Ofisi ya Itifaki iliona si haki maelekezo yauhusu mmoja na kuuacha mwingine. Jumatatu karatasi ya Skolastika ilichapwa na kusambazwa nchi nzima, pamoja na ile "kwa" isiyokuwemo. Asiiname: wakulima wakaamriwa kupalilia wakiwa wima, na mabonde yakajaa watu wanaolima hewa. Asikae penye joto: waoka mikate wakazima matanuri. Asiguse uso: picha za Mlezi maofisini zikakatazwa kupanguswa vumbi, na kufikia wikendi baadhi ya wilaya zilikuwa zinaongozwa na mtu wa rangi ya udongo. Wafiwa waliombwa vilio vyao waviweke mpaka tarehe itakayotangazwa. Redio iliagizwa isitangaze habari ya kumkunja wala kumkunjua mtu uso, ikawa inasoma majina ya milima. Mto ulipochukua vijiji viwili vya kusini, ilisema kwamba maji yameonekana.

Na kila siku, saa nne asubuhi, askari waliingia hospitalini kuhakikisha hakuna aliyelala. Muuguzi mwenzake alimletea Skolastika habari hizo ikulu, akinong'ona huku amejifanya anakunja mashuka. Wagonjwa wa moto, wale aliowaacha wamefungwa bendeji mgongo mzima, walisimamishwa kando ya vitanda mpaka saa ikapita. Wawili hawakuhitaji tena kusimamishwa siku ya tatu. Skolastika alizisikia akaendelea kupanga pamba. Alijiambia kwamba atawalilia baadaye, Fulgensi akisharudi, na alijichukia kwa kuwaza hivyo.

Maana dawa ilikuwa inafanya kazi. Siku ya nne paji la uso la Mlezi lilianza kulegea. Siku ya tano lilikuwa laini. Mlezi mwenyewe hakuwa mtu mgumu kumuuguza. Alikuwa mzee mdogo mwenye mikono baridi, aliyependa uji wa ulezi na kumwita "mwanangu", na aliyekatazwa kuulizwa chochote. Amri ilikuwa wazi: mhudumu atakayemtajia Mlezi ombi lolote, ombi hilo huchanwa na mhudumu hukaa seli ya mwombaji. Kwa hiyo Skolastika alizungumza naye juu ya uji.

Siku ya sita, Ijumaa, kope ya jicho la kushoto ilishuka. Dawa iliyosuguliwa ilikuwa imesafiri kwenda isikotakiwa. Jicho la kulia lilimtazama, la kushoto likabaki nusu limefungwa, na mzee akauliza kwa nini chumba kimeingia kiza upande mmoja.

Bwana Mtiti alipolitazama jicho lile, aligeukia ukuta.

"Nimeona kitu, Sista," aliuambia ukuta, "lakini sijakiona."

"Si hatari. Huwa inatokea. Litajirudi lenyewe baada ya wiki kadhaa, na kuna matone ya kuliinua upesi. Yapo ng'ambo. Yakiagizwa leo yanaweza kufika Jumatano."

"Yataagizwaje? Fomu ina sehemu ya ugonjwa. Niandike nini?"

"Kope imeshuka."

"Kwa Mlezi hakuna kinachoshuka."

"Imelegea."

"Sista, una mtoto? Basi usiseme tena neno hilo."

Walijaribu maneno mpaka adhuhuri. Limesinzia lilikataliwa, limechoka likakataliwa, limepumzika likaenda mpaka baraza la mawaziri na kurudi limekatwa kwa wino mwekundu. Mwishowe fomu iliandikwa kwamba matone yanahitajika kwa ajili ya macho ya Serikali kwa jumla. Lakini isingeweza kuondoka mpaka Kanali Ndaro aisaini, naye Kanali alikuwa na shida yake ndogo. Mjini kulikuwa na minong'ono. Alitaka cheti cha muuguzi cha kuizima, na alikuwa ameshakichapa, ilibaki sahihi tu.

Kilisomeka hivi: Jicho la kushoto la Mlezi ni zima kabisa. Hufunguka na kufumba kwa hiari yake.

Skolastika alikisoma mara mbili. Ulikuwa uongo, lakini aliona ni uongo mdogo. Kitabu cha Uso kinasoma paji, hakisomi jicho, na Bwana Mtiti mwenyewe alikuwa amemhakikishia hivyo. Matone yakifika Jumatano, hata cheti chenyewe hakitakuwa na maana. Akasaini. Kanali alimshukuru, akakikunja cheti mara nne, akakitia mfukoni upande wa moyo.

Matone yalifika kweli Jumatano, kichupa kimoja, kimeandikwa juu yake KWA MACHO YA SERIKALI. Maofisa wa uwanja wa ndege, ambao hawakuwa wajinga, walijua macho ya Serikali ni akina nani. Wakakipeleka moja kwa moja Idara ya Uangalizi. Alhamisi asubuhi maofisa wa Idara walionekana kila kona ya mji wamevua miwani, wamekodoa macho kwa namna ambayo haikuwa imewahi kuonekana nchini, na minong'ono ilikoma yenyewe.

Ukumbi wa Maombi ulijaa kabla ya saa tatu. Mlezi aliketishwa, na watu wakashusha pumzi, kwa kuwa paji la uso lilikuwa laini kama ganda la yai. Skolastika alisimama hatua tatu nyuma ya kiti, mahali pa muuguzi, akiwa na sinia la pamba. Ombi la kwanza lilikuwa la daraja. Bwana Mtiti alitazama, akasubiri, akatazama tena. Paji halikufanya lolote.

"Limekubaliwa," alisema taratibu, maana miezi minane hakuwa amelitamka neno hilo. Pazia likafungwa, bendi ikapiga, pazia likafunguliwa. Ombi la pili, la buti za jeshi, nalo likakubaliwa.

La tatu lilikuwa la Fulgensi. Karani alisoma jina, shule, ukuta, herufi. Skolastika hakuutazama ukumbi. Alilitazama paji lile kutoka ubavuni, akiliomba lilale, lilale tu, na likalala. Hakuna kilichokunjika. Alikuwa ameshaanza kuwaza atampikia nini.

"Lime…" alisema Bwana Mtiti.

"Samahani," alisema Kanali Ndaro.

Alisimama bila haraka. Pazia likafungwa, Mlezi akabaki nyuma yake, na bendi ikapiga kwa sauti ya juu ili asisumbuliwe na mazungumzo. Kanali alikuwa na Kitabu cha Uso, si kile chembamba cha Bwana Mtiti, bali chapa ya kwanza, ya miaka ile ya mwanzo ambayo siku hizi haizungumzwi.

"Kifungu cha kumi na tisa," alisema. "Mlezi akifumba jicho, wahusika waendelee na kazi yao."

Waliokuwa na umri mkubwa walikikumbuka kifungu hicho. Wengine walikikumbuka kwa sababu ya kaka zao.

"Mbona hukukitaja kwenye daraja na buti?" aliuliza Bwana Mtiti.

"Huko wahusika hawakuwa na kazi. Hapa wanayo. Inawasubiri tangu Mei."

"Lakini, Kanali, kufumba ni macho mawili. Mtu akifumba moja…"

"Kifungu kinasema jicho. Hakisemi macho." Kanali alimtazama kwa huruma. "Au na hiki nacho unataka tukisahihishe?"

Bwana Mtiti alifungua kinywa, akawaza juu ya ukuta wa shule, akakifunga. Hapo Skolastika alitoka mbele ya pazia, akaweka sinia chini. Pamba zilimwagika, na hakuziokota.

"Hajafumba," alisema. "Kope imelegea. Ni dawa imeshuka, kwa sababu alilazwa mapema na kusuguliwa. Hata akitaka kulifungua hawezi. Jicho hilo halijasema chochote."

Alikuwa ametamka kila neno lililokatazwa, na alijua, na kwa muda mfupi alijisikia mwepesi kuliko siku zote kumi na mbili. Kanali alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mara nne.

"Hufunguka na kufumba kwa hiari yake," alisoma. "Sahihi hii ni ya nani, Sista?"

"Ni yangu."

"Basi ni wewe uliyetuambia kwamba hufumba kwa hiari. Sisi si wauguzi. Sisi tunaamini wataalamu." Aliirudisha karatasi mfukoni. "Kaa chini, Mama Imelda."

Jina hilo ikulu hakuna aliyelijua. Alikuwa akiitwa hivyo nyumbani, na kwenye wavu wa gereza. Alielewa kwamba Kanali alikuwa akijua tangu siku ile ya kuhesabu pamba, na kwamba alimwacha auguze, asaini, atumaini, kwa sababu muuguzi mwenye sababu ndiye muuguzi mwangalifu. Hakukaa. Watu wawili waliokodoa macho walimshika mabega wakamkalisha, na karani akasoma ombi la nne, lililohusu mbolea.

Jioni ile aliomba ruhusa ya siku moja, akamuage Fulgensi. Aliandika barua mbili, moja kwa Itifaki na moja kwa gereza. Itifaki walimjibu kwamba uangalizi hauna likizo. Walifikiria kumfunga, wakaona hakuna mwingine anayejua kumpima Mlezi joto kwa mkono mwepesi vile, basi adhabu yake ikaandikwa kuwa ni kuendelea na kazi. Gereza halikujibu.

Alfajiri ya Ijumaa Skolastika alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Mlezi. Alijua saa yenyewe, kumi na mbili kasorobo, maana sheria imeitaja. Alishika kifundo cha mkono wa mzee kama kuhesabu mapigo, lakini hakuhesabu. Aliitazama saa ya ukutani mpaka mshale ukafika hapo, ukapita, ukaenda zake. Mzee alikoroma. Skolastika alitaka kupiga ukelele ambao ungezibomoa kuta, na alichofanya ni kuandika kwenye jedwali kwamba joto ni la kawaida.

Jumamosi kichupa kililetwa, kimebaki robo. Skolastika alimketisha Mlezi karibu na dirisha, akamwinua kidevu, akatia tone kwenye jicho la kushoto. Walisubiri. Baada ya dakika ishirini kope ilianza kupanda kidogo kidogo. Mzee akalitazama dirisha kwa macho yote mawili, akafurahi kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

"Mwanangu," alisema. "Juzi kulikuwa na mwalimu aliyesomwa."

"Ndiyo, Baba."

"Wa ule ukuta." Alijaribu kukunja uso kukumbuka, uso ukamkatalia. "Unajua yale maneno sikuyaandika mimi. Waliyaandika, nikawa nayaona nikipitishwa garini. Sisi wote, sisi wote, nchi nzima. Mwalimu wangu wa kwanza angenichapa. Yananichoma miaka yote, ila nimwambie nani? Mimi sisemi. Basi waliposoma kwamba kuna mtu kachukua chaki, nilicheka, mwanangu. Nilimkunjulia uso wangu wote. Mtiti si aliona?"

"Uso haukukunjuka, Baba. Ni ile dawa."

"Lakini nilicheka."

"Naamini ulicheka."

"Basi nataka aje. Kuta ni nyingi, atasaidiwa." Alipeleka mkono kwenye jicho, Skolastika akaushika mkono huo na kuurudisha juu ya goti, kwa kuwa bado haikuruhusiwa kugusa. "Wameshamtoa?"

Mlangoni walisimama wawili wa Idara, na macho yao hayakupepesa. Skolastika aliona kwamba hata wakipepesa hana tena cha kuogopa, na kwamba hilo halimsaidii mtu yeyote.

"Wameshamtoa," alisema.

"Lini?"

"Jana alfajiri."

"Vizuri," alisema Mlezi wa Taifa. "Mkewe alikwenda kumpokea?"

"Hapana, Baba. Mkewe alikuwa kazini."

Akamwambia aangalie juu, akatia tone la pili.